Kutoka lokole ya Yakusu mpaka faili la akiba: namna ujumbe uliokatika unavyotengenezwa

KISANGANI, komini ya Kabondo – Video ya harusi ya ndugu imefika asilimia 97, mara mega zinaisha. Kesho yake mwenye simu ananunua mega zingine, na simu inaanza tena kwenye sifuri. Jambo hilo wakaaji wa Kabondo wanalijua vizuri, na wa Mangobo na Lubunga vilevile. Kisichojulikana sana ni kwamba dawa yake ilipatikana zaidi ya miaka 20 iliyopita. Tena wazo lililo ndani ya dawa hiyo lilikuwa likipigwa kwenye ngoma hapa karibu, ukiteremka mto kidogo tu, kabla kompyuta ya kwanza haijafika Kongo.

Yakusu iko ukingoni mwa Mto Kongo, chini ya Kisangani, katika nchi ya Walokele, watu wa mtumbwi, samaki na soko. Mwaka 1938 alifika huko Mwingereza John Carrington, mmisionari wa Kibatisti na mwalimu, kijana wa miaka 24. Siku moja alifunga safari ya ghafla kwenda kijiji cha Yaongama, bila kutuma habari kwa mtu. Alipofika alikuta mwalimu, muuguzi na waamini wamekwisha kukusanyika wanamngoja. Lokole ilikuwa imewaambia.

Wazungu wengi kabla yake walikuwa wamesikia lokole, na wengi walidhani ni kama kengele: mlio huu ni hatari, mlio ule ni kifo cha mkubwa. Carrington alikaa akajifunza, na akaona kwamba ile ngoma inasema maneno kabisa. Lokole ni gogo lililochimbwa ndani kupitia ufa mwembamba. Midomo miwili ya ufa huo hailingani unene, kwa hiyo mmoja unatoa sauti ya juu na mwingine sauti ya chini. Kilokele ni lugha ya sauti za juu na za chini. Kiswahili hakina jambo hilo, lakini anayesema Kilingala analielewa bila maelezo marefu. Katika Kilokele neno *liala* likitamkwa kwa sauti moja ni mchumba, likitamkwa kwa sauti nyingine ni shimo la takataka. Mtu asipoangalia sauti anaweza kumwudhi mkwe wake kabla chakula hakijaletwa.

Sasa lokole inabeba sauti tu. Herufi zote zimeanguka njiani. Neno la Kilokele la mwezi na neno la kuku yana sauti sawasawa, juu na juu. Mtu aliye mbali akisikia milio miwili ya juu, atajuaje kama ni mwezi au ni kuku? Hapo ndipo wapigaji walipotumia akili. Hawakupiga neno peke yake. Mwezi ulipigwa pamoja na maelezo kwamba unaitazama dunia kutoka juu. Kuku alipigwa pamoja na maelezo ya udogo wake na mlio wake. Kila neno lilikuwa na mkia wake, na mikia hiyo haikubadilishwa ovyo. Mtoto aliifunza kwa baba yake.

Wageni walisema wapigaji wa ngoma wanapenda maneno mengi. Carrington, katika kitabu chake cha Kiingereza juu ya ngoma zinazosema, kilichotoka mwaka 1949, alieleza kwamba yale maneno mengi yana kazi. Yanamsaidia msikilizaji kutenganisha maneno yenye sauti moja. Yanasaidia pia upepo ukichukua mlio mmoja, au kasia ikigonga mtumbwi wakati wa kusikiliza: aliyekosa kipande anakipata kutoka kwenye vipande vilivyobaki. Usiku, hewa ikitulia juu ya mto, lokole ilisikika umbali wa kilomita nyingi, na kijiji kilichosikia kilipiga tena kwa kijiji cha mbele. Ujumbe uliopita mikono mitano ungeweza kuharibika mara tano, lakini ulifika.

Jambo moja hapa ni la kushika sana. Mpigaji aliongeza mkia wakati anatuma, ujumbe ukiwa bado mzima mkononi mwake. Hakungoja mtu apige kutoka ng'ambo kusema hajasikia.

Miaka ileile Carrington anaandika, watu wengine huko Marekani walikuwa wanasumbuka na shida hiyohiyo kwa njia ya hesabu. Mwaka 1947 Richard Hamming alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Bell. Mashine ya kuhesabu aliachiwa mwisho wa juma tu. Ijumaa anaiwekea kazi, Jumatatu anakuta imesimama kwa sababu ya kosa moja dogo, na siku mbili zimepotea. Alijiuliza kwa hasira: kama mashine inaweza kujua kwamba kosa lipo, kwa nini isilitengeneze yenyewe? Jibu lake lilitoka katika maandishi mwaka 1950. Miaka miwili kabla, mwenzake wa maabara hiyo, Claude Shannon, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba hata kwenye njia yenye kelele ujumbe unaweza kufika salama, mradi mtumaji aongeze akiba ya kutosha. Halafu mwaka 1960 Irving Reed na Gustave Solomon waliandika makala fupi sana iliyozaa njia inayobeba majina yao mpaka leo. Ndiyo inayofanya diski ya CD iliyokwaruzwa iendelee kuimba, na ule mraba wa madoa meusi na meupe unaopigwa picha kwa simu usomeke hata ukiwa na tope pembeni.

Hesabu yenyewe inatisha kwenye vitabu, lakini mama wa soko anaijua nusu yake. Tuseme ameandika kwenye karatasi: sombe franka 4 000, samaki franka 7 000, mawese franka 3 000, jumla 14 000. Mvua inapiga, bei ya samaki inafutika. Hakuna shida: anatoa 4 000 na 3 000 kwenye 14 000, inabaki 7 000. Ile jumla aliyoandika chini ndiyo akiba yake. Inaokoa bei yoyote moja, na si lazima ajue mapema ni ipi itakayofutika.

Lakini zikifutika mbili? Jumla moja haitoshi. Basi anaandika jumla ya pili ya namna nyingine: bei ya kwanza mara moja, ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu. Yaani 4 000, na 14 000, na 9 000, ambayo ni 27 000. Sombe na samaki zikifutika pamoja, jumla ya kwanza inasema zote mbili ni 11 000. Ya pili, ukitoa 9 000 za mawese, inasema sombe moja na samaki mbili ni 18 000. Tofauti ni 7 000, ndiyo samaki. Sombe ni 4 000. Jumla tatu zingeokoa bei tatu, na kuendelea. Reed na Solomon walipata namna ya kufanya jumla za aina hiyo kwa wingi bila kugongana. Mengine ni kazi ya mashine.

Dawa hiyo ilikaa kwa wataalamu muda mrefu. Ilisafiri na vyombo vya Voyager vilivyorushwa angani mwaka 1977. Watu wa kawaida waliichukua mikononi mwao kwa sababu ya jambo lisilo na heshima kubwa: kupakua mafaili kwenye vikundi vya habari vya Usenet.

Usenet ni ya zamani kuliko tovuti. Wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, waliifikiria mwaka 1979, ikaanza kutumika 1980. Haikuwa na kituo kimoja. Mtu aliandika habari kwenye mashine ya karibu naye, mashine hiyo ikaipasia mashine jirani, nayo ikaipasia nyingine, mpaka inazunguka dunia. Mlokele angeitambua mara moja: ni kijiji kupigia kijiji.

Njia hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya maandishi. Watu wakataka kupitisha picha, nyimbo, programu, baadaye filamu. Ilibidi faili ligeuzwe kuwa kama herufi, halafu likatwe vipande kumi, mia, au zaidi, kwa sababu ujumbe mmoja haukuruhusiwa kuwa mzito sana. Haifai kuficha kwamba mafaili mengi yaliyopita huko yalikuwa filamu na muziki uliochukuliwa bila ruhusa ya wenyewe. Lakini shida waliyokutana nayo ilikuwa shida halali. Mashine moja ilikosa kipande cha 17, nyingine ikakosa cha 42, nyingine vipande vitatu vya mwisho. Faili lililokosa kipande kimoja halikufunguka kabisa. Kila siku vikundi vilijaa maombi: rudisha cha 17, rudisha cha 42. Mtumaji mwenye moyo mzuri alirudisha, na wakati mwingine kile alichorudisha nacho kilipotea njiani.

Katikati ya mwaka 2001 Tobias Rieper na Stefan Wehlus walileta pendekezo lililoitwa Parchive, kwa kifupi PAR. Mtumaji atengeneze mafaili ya akiba kwa hesabu ya Reed na Solomon kabla ya kutuma, ayatume pamoja na vipande. Uzuri wake uko hapa: faili moja la akiba linaziba pengo la yeyote. Aliyekosa cha 17 na aliyekosa cha 42 wanatumia akiba ileile. Mtumaji hahitaji kuuliza nani amekosa nini.

Toleo hilo la kwanza lilikuwa na kasoro moja kubwa. Lilihesabu kipande kizima: herufi chache zikiharibika ndani yake, kipande chote kilichukuliwa kuwa kimekufa. Januari 2002 Howard Fukada alipendekeza mafaili yagawanywe vipande vidogo zaidi, na Julai mwaka huo Michael Nahas na Peter Clements wakaishika kazi, wakisaidiwa na Paul Nettle na Ryan Gallagher. Septemba 2002 Nahas akatoa maelezo ya toleo la pili, PAR2. Clements akaandika programu mbili za kwanza za kulitumia, QuickPar na par2cmdline. PAR2 bado inatumika leo.

Wakati watu hao wanahangaika na vipande vya mafaili, Kisangani ilikuwa inahesabu hasara ya namna nyingine. Tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji. Vita ya siku sita iliua mamia ya raia. Mabomu yaliangukia nyumba, shule na makanisa, na ndani ya nyumba hizo mlikuwa na masanduku: diploma ya serikali, cheti cha kuzaliwa, karatasi ya kiwanja, picha ya babu. Vitu hivyo havikuwa na mkia kama neno la lokole. Vilikuwa peke yake.

Uzito wa jambo hilo ulionekana baadaye sana. Mwaka 2005 Korti ya Kimataifa ya Haki ya La Haye iliihukumu Uganda kwa makosa yake nchini Kongo. Ilipofika wakati wa kuhesabu malipo, Kongo iliomba zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 Februari 2022 korti iliamua dola milioni 325, na katika hizo milioni 40 tu ndizo za mali zilizoharibiwa. Majaji walikubali kwamba vita inafanya ushahidi uwe mgumu kupatikana, lakini mara kwa mara walisema kwamba ushahidi ulioletwa hautoshi kuhesabu hasara sawasawa. Si sababu pekee, na sheria ina njia zake. Hata hivyo aliyepoteza nyumba Juni 2000 pamoja na karatasi inayosema nyumba ni yake anaelewa hukumu hiyo bila wakili.

Mwaka 2023 mapigano kati ya Wambole na Walengola yalianza upande wa Lubunga, na familia nyingi zikavuka mto kuja upande huu. Waliokimbia walibeba watoto, godoro, sufuria. Karatasi ni nyepesi, ndiyo maana husahaulika. Safari hii lakini wengi walikuwa na simu, na kwenye simu kulikuwa na picha za karatasi. Picha hizo sasa ndizo sanduku. Zinahamishwa kutoka simu kwenda flashi, kutoka flashi kwenda mashine ya kibanda cha fotokopi, kutoka hapo kwenda simu ya shemeji. Kila hatua inaweza kukata kitu. Flashi inachomolewa kabla haijamaliza, umeme unakatika katikati ya kazi, na baada ya miezi picha ya cheti inafunguka nusu, nusu nyingine ni rangi ya majivu.

Kwa mzigo kama huo PAR2 inafaa zaidi kuliko ilivyofaa filamu. Programu ni za bure: MultiPar, iliyoandikwa na Mjapani Yutaka Sawada, kwa mashine za Windows, na par2cmdline kwa wanaotumia Linux. Mwenye kibanda anakusanya picha zote za familia kwenye folda moja. Anazifungua moja moja kuhakikisha ni nzima, kwa maana akiba ya picha iliyoharibika italinda uharibifu huohuo. Anachagua kiasi cha akiba kwa asilimia, anabonyeza kutengeneza, anangoja. Tuseme picha ni 40, kila moja mega 2: jumla mega 80. Akiba ya asilimia 25 ni mega 20. Programu ikizikata picha hizo vipande vidogo 400, akiba itakuwa na vipande 100, na vipande vyovyote 100 vikiharibika, popote vilipo, vyote vitarudi kama vilivyokuwa. Vikiharibika 101, vile vyote havirudi. Hesabu hii haina huruma.

Kila kipande kinawekewa pia alama yake, kama alama ya kidole, ili mashine itambue kilichobadilika hata kama kwa macho kinaonekana kizima. Siku ya mashaka programu inakagua alama hizo kwanza, inasema ngapi zimekosekana, kisha inatengeneza kama akiba inatosha.

Kuna mtego mmoja, nao uko mfukoni mwa kila mtu. WhatsApp ikitumiwa picha kwa njia ya kawaida inaipunguza uzito. Picha inayofika si ileile iliyotumwa, hata kama sura ni moja, na mafaili ya akiba yaliyotengenezwa kwa picha ya kwanza hayataitambua ile ya pili. Anayetuma karatasi za familia kwa WhatsApp azitume kama dokima, si kama picha, hapo hazibadilishwi. Vilevile akiba hailindi siri: anayepata flashi anasoma yote. Wala haisaidii flashi nzima ikianguka mtoni na akiba ikiwa ndani yake. Flashi ya pili ikae kwa ndugu wa komini nyingine.

Lokole yenyewe haikupata ndugu wengi wa kuitunza. Carrington aliona mapema kwamba vijana waliokwenda shule hawajifunzi tena mikia ya maneno, akawa anaandika alichosikia. Baadaye alifundisha katika chuo kikuu hapa Kisangani, na alifariki mwaka 1992. Anayetaka kusoma leo jinsi Walokele walivyopiga neno la mwezi hurudi kwenye maandishi yake, au huteremka mto kumtafuta mzee anayekumbuka.